George Inn ya Southwark: pandeni juu mkale vilipokuwa vyumba vya kulala

Mtu akiniuliza akale wapi London, na nikimjua kuwa ni mpenzi wa majumba ya kale, humwelekeza George Inn, nyumba ya wageni ya zamani ambayo leo ni baa na mkahawa, Borough High Street namba 77, mtaa wa Southwark, upande wa kusini wa Mto Thames. Chakula chake ni kizuri, na nitakieleza. Lakini London ina chakula kizuri kila kona. Nyumba ya wageni ya kale yenye roshani kama hii imebaki hiyo moja tu.

Ukishuka kituo cha London Bridge unafika kwa miguu dakika chache. Usitafute jengo linalotazama barabara, maana hulioni. Tafuta njia inayoingia ndani katikati ya maduka, uifuate, na utatokea kwenye ua mrefu uliotandikwa mawe. Mkono wako wa kulia ndipo ilipo: nyumba ndefu ya mbao na matofali, na mbele yake roshani mbili, moja juu ya nyingine, zenye vizuizi vya mbao vilivyokerezwa vikatoka matumbo, vyote vimepakwa rangi nyeupe. Simama kidogo kabla hujaingia. Fuata kwa macho ule mstari wa roshani kutoka mwanzo hadi mwisho, uone unavyobonyea. Mbao zimebeba watu zaidi ya miaka 300, na bado zinabeba.

Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa hiyo nilipoziona roshani zile nilijua kazi yake bila kuelezwa. Nyumba zetu za kale nazo zina ua katikati na vyumba vinauzunguka, na mtu hupita ukumbini juu ya ua kwenda chumbani. Hapa ndivyo ilivyokuwa: mgeni alipanda ngazi, akapita roshanini nje kwenye baridi, hadi mlango wa chumba chake. Tofauti ni kwamba ua wetu ni wa sitara, wa watu wa nyumbani. Ua wao ulikuwa wa farasi, magari ya abiria, mizigo na wageni wasiojuana. Na wakati mwingine nyua za namna hii zilikuwa jukwaa: wachezaji wanaigiza chini, watazamaji wameegemea vizuizi juu.

Kwa nini nyumba za wageni zilijazana barabara hii? Kwa sababu ya daraja. Hadi karne ya 18 ilikuwa inaanza, mjini London hapakuwa na daraja jingine la kuvuka Thames isipokuwa London Bridge, na lango lake lilifungwa usiku. Aliyetoka kusini akachelewa alilala Southwark. Aliyetaka kuondoka alfajiri kwenda mji wa Canterbury, kusini-mashariki, naye alilala Southwark. George ilikuwa na majirani wengi wa kazi hiyo hiyo: Tabard, White Hart, Queen's Head. Queen's Head ilikuwa mali ya familia ya John Harvard, yule ambaye chuo kikuu cha Marekani kimechukua jina lake.

Moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Southwark mwaka 1676, na nyumba tunayoiona leo ilijengwa mwaka uliofuata, 1677, kwa ramani ile ile ya kizamani ya ua na roshani. Halafu ikaja reli. Treni zilifika London Bridge mwaka 1836, na magari ya farasi yakakosa abiria. Kampuni ya Great Northern Railway ikaichukua George kuwa mahali pa kushughulikia mizigo yake, na mwaka 1889 ikabomoa pande nyingine ili ijenge maghala. Unachokiona ni upande wa kusini peke yake. Hili linaniuma kila nikikaa pale uani, kwa sababu nimeona kwetu Beit al-Ajaib, jumba la 1883, lilivyoporomoka sehemu yake siku ya Krismasi mwaka 2020, na watu wakafa. George ilipona kwa kuwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, liliipokea mwaka 1937 na linaimiliki mpaka leo.

Ndani, chini ni vyumba vya baa vilivyoungana, dari ziko chini, boriti zimekuwa nyeusi. Baa ya kwanza ilikuwa chumba cha abiria kusubiri gari. Tazama ile saa kubwa ya ukutani. Mwaka 1797 serikali ya Uingereza iliweka kodi juu ya saa, na husimuliwa kwamba watu wakaogopa kuwa nazo, ndipo nyumba za vinywaji zikatundika saa kubwa ili wateja wasome wakati bure. Kodi ilifutwa mwaka mmoja baadaye.

Lakini msiishie chini. Mkahawa uko ghorofani, katika vile vyumba walivyolala wasafiri. Sakafu imelala upande, ukiitembelea mguu unaisikia kabla jicho halijaiona. Vyumba ni vidogo, na mimi naupenda udogo wake: meza chache, mazungumzo hayapotei. Madirisha ni mapana yenye vioo vingi vidogo vidogo, na kwa kuwa nyumba inatazama kaskazini, mwanga wake ni mpole, jua halikupigi usoni.

Niliagiza pai ya nyama ya ng'ombe na viazi. Ganda lilikuwa kavu juu na laini chini, mchuzi mzito, sahani ya mtu mwenye njaa ya kweli. Rafiki yangu ni Muislamu, na alifanya vizuri kumuuliza mhudumu mapema, maana Uingereza pai nyingi za nyama hupikwa kwa bia, na hata unga wa kukaangia samaki mara nyingi huchanganywa na bia. Nanyi ulizeni kabla ya kuagiza, na mjue kuwa hii ni baa, pombe iko kila meza.

Wekeni nafasi mapema, na ombeni meza ya juu karibu na dirisha la upande wa ua. Jioni za Alhamisi na Ijumaa ua hujaa watu waliotoka kazini, huwezi kuitazama nyumba vizuri, kwa hiyo mimi huenda mchana wa katikati ya wiki. Mwenye magoti mabovu afikirie ngazi kwanza. Akishindwa, akae uani, ayape mgongo maghorofa ya jirani na uso azielekezee zile roshani.