Pentax K1000 kwa picha nyeusi na nyeupe

Anayeniuliza aanze na kamera gani ya mkanda, humtajia Pentax K1000. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa hiyo zilizotumika bado zinapatikana. Mimi nina mwaka wa nne na yangu.

Ninachokipenda zaidi: betri ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye mkanda, inaendelea kufyatua hadi 1/1000 ya sekunde. Ukichungulia, upande wa kulia kuna sindano nyembamba. Ikikaa katikati, mwanga umetosha. Ila haina swichi ya kuzima, basi funika lenzi kila unapoiweka, la sivyo betri haitadumu.

Sindano hiyo nayo usiiamini moja kwa moja. Nilimpiga picha babu mmoja Mji Mkongwe, kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma yake, nikaifuata sindano. Kanzu ilitoka kijivu kama jivu la mkaa, na uso mweusi tii, macho hayaonekani. Kipima mwanga hicho hudhani kila kitu ni kijivu. Siku hizi palipo na weupe mwingi nafungua lenzi hatua moja zaidi, yaani mwanga mara mbili, na mkanda wangu ni Ilford HP5 Plus, wa nyeusi na nyeupe, wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kuhisi mwanga).

Kabla hujalipa, fungua mgongo wa kamera ukague sponji nyeusi ya kuzuia mwanga kwenye mifereji. Yangu ilikuwa imeyeyuka, inanata kama lami, na mkanda wa kwanza wote ukatoka na michirizi myeupe pembeni. Niliikwangua kwa kijiti, nikatia uzi mweusi wa sufu. Mpaka leo mwanga haujapenya tena.