Barua ya miezi 48: maoni ya mtu aliyeishi nayo

Ninachokitathmini hapa ni karatasi moja inayoletwa na posta: barua ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, inayoongezea miezi 48 grini kadi (kadi ya ukaazi) ya aliyeipata kwa ndoa. Nimefanya kazi kwayo, nimesafiri kwayo, nimekopea gari kwayo, na muda wote huo grini kadi yangu ilikuwa imeshapitwa na tarehe. Barua yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Kule kungoja kulikoizaa barua hiyo nakupa mbili, na hiyo ya pili imetoka kwa sababu ya njia ya uraia, ambayo nitaifikia.

Kwa aliyeolewa au kuoa juzi: ukipata ukaazi wa Marekani kupitia ndoa ambayo siku hiyo haijatimiza miaka miwili, unapewa kadi ya miaka miwili tu, yenye masharti. Hii ni sheria ya 1986, ilipitishwa kwa hofu ya ndoa za kununua karatasi. Ndani ya zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, wewe na mwenzio mnatuma fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, na ushahidi kwamba mnaishi kweli kama mke na mume. Sisi tulituma mwezi wa tano 2023, tukiwa hapa Columbus, Ohio, na tukalipa dola 680, alama za vidole zikiwa ndani. Tangu Aprili 2024 ni dola 750.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo lililonikera kuliko yote. Sheria ile ile ya 1986 inasema mahojiano yafanyike ndani ya siku 90 tangu fomu kuwasilishwa, na uamuzi utoke ndani ya siku 90 baada ya mahojiano. Idara imepewa ruhusa ya kusogeza muda huo au kuyaacha kabisa mahojiano, na ruhusa hiyo ndiyo imekuwa desturi. Waliotunga sheria walifikiria nusu mwaka. Leo mtu anayekamilishiwa kwa mwaka na nusu anapongezwa, na wengi wanaipita miaka miwili. Yaani unathibitisha ndoa kwa muda mrefu kuliko umri wa kadi uliyopewa.

Barua inasimulia historia hiyo kwa tarakimu zake. Zamani risiti ya I-751, ambayo ndiyo barua yenyewe, ilikuongezea miezi 12. Mwaka 2018 ikawa 18, Septemba 2021 ikawa 24, na Januari 2023 ikawa 48. Kila foleni iliporefuka, karatasi nayo ikarefushwa. Nawasifu walioamua hivyo, maana enzi za miezi 12 watu walikuwa wanaishiwa barua kabla ya majibu, wanaanza kuhangaika kutafuta miadi ya kugongewa muhuri kwenye pasipoti. Sisi wa 48 hatukuijua taabu hiyo.

Kazini barua ilifanya kazi vizuri. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, nyumba ya wazee, zamu za usiku. Kadi ilipokaribia tarehe yake, dada wa ofisi ya ajira alinitumia ujumbe wa kutisha kidogo, kwamba mfumo unamwambia nina hatari ya kuondolewa kwenye ratiba. Nilimpelekea barua halisi pamoja na kadi, nikamwonyesha sentensi inayosema kadi imeongezewa miezi 48 na kwamba nina ruhusa ya kufanya kazi na kusafiri. Akaisoma mara mbili, akapiga nakala, yakaisha. Ushauri wangu ni usimpe mtu barua peke yake, wala kadi peke yake. Vitu hivi viwili ni kama kufuli na ufunguo.

Kwenye leseni ya udereva hali ilikuwa tofauti. Kijana wa dirishani aliitazama kadi, akaona tarehe, akasema, "Mama, hii imekufa." Nikampa barua. Akasema hajawahi kuiona. Sikubishana naye, nilimwomba kwa adabu amwite msimamizi wake, na msimamizi alipokuja aliitambua mara moja. Nilitoka na leseni, ila nilikuwa nimesimama pale karibu nusu ya asubuhi baada ya zamu ya usiku. Nyota ya tano imepotelea hapo. Karatasi nyeupe isiyo na picha yako inategemea kama aliyeko mbele yako amefundishwa kuisoma, na sio wote wamefundishwa.

Uwanja wa ndege ni hadithi ndefu zaidi. Nilikwenda Mombasa kumzika shangazi yangu. Kutoka Marekani hakuna aliyeniuliza kitu. Wakati wa kurudi, mfanyakazi wa shirika la ndege, mtu mpole kabisa, alishika kadi yangu na kuanza kutikisa kichwa. Kwake yeye, abiria mwenye kadi iliyoisha ni faini kwa shirika. Akampigia mwenzake, mwenzake akampigia mwingine. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu na bahasha mkononi, nikimsomea Ayatul Kursi kimoyomoyo marehemu na nafsi yangu pia. Hatimaye alikuja mama mmoja mwenye miwani, akasoma jina, akasoma tarehe, akalinganisha namba ya mkaazi kwenye barua na ile ya kwenye kadi, akasema, "Mpandisheni." Huko Marekani afisa wa mpakani alitazama vyote viwili kwa sekunde chache tu na kunikaribisha nyumbani.

Kwa hiyo ukisafiri, beba barua halisi, siyo picha ya kwenye simu, na fika uwanjani mapema kuliko ulivyozoea. Usikae nje mwaka mzima. Barua hii haikulindi kwa safari ndefu namna hiyo.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo sioni watu wakilisema kwa sauti. Kungoja huku kunawafunga wanawake. Kwenye jumuiya yetu hapa nimekaa na zaidi ya mmoja, chai mbele yetu, akaniambia, "Dada, nivumilie tu mpaka karatasi zitoke." Anapigwa, au ananyimwa simu, au mume anamwambia nikikohoa tu watakurudisha kwenu. Miaka miwili ya kadi, halafu miaka miwili mingine ya foleni: hiyo ni minne ya mtu kuishi chini ya kitisho. Na kitisho chenyewe ni cha uongo. Sheria inamruhusu aliyepigwa au kutendewa ukatili kutuma I-751 peke yake, bila saini ya mume, na wala hana haja ya kungoja zile siku 90. Aliyeachika baada ya ndoa ya kweli naye anaweza kutuma peke yake. Kama mlishatuma pamoja na ndoa ikavunjika foleni ikiendelea, unapeleka hati ya talaka na kuomba ombi lenu lihesabiwe kuwa lako pekee. Aliyefiwa na mwenzake ana njia yake pia. Tafuta wakili wa uhamiaji au kituo cha msaada wa kisheria, usimtegemee shemeji wala jirani anayesema anajua. Kama unamjua dada aliye katika hali hii, mwambie leo.

Sasa njia ya uraia. Mume wangu ni raia, na aliyeolewa na raia na kuishi naye anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi. Fomu N-400 inapokelewa hata siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Huhitaji kungoja I-751 ijibiwe ndipo utume. Nilituma kwa mtandao katikati ya 2024, dola 710, wakati I-751 yangu ilikuwa imelala kimya zaidi ya mwaka. N-400 hutembea haraka zaidi, na uraia hauwezi kutolewa kabla masharti hayajaondolewa, kwa hiyo faili lililolala likaamshwa. Niliitwa mapema 2025. Siku hiyo mume wangu alikuwa pembeni yangu, na namsisitizia kila mtu: nenda na mwenzio hata kama barua ya mwito imekutaja wewe tu, maana I-751 mlisaini wote wawili. Afisa alianza na ndoa yetu, akauliza tulivyokutana na nani hulipa bili gani, akapitia ritani za kodi za pamoja, kisha akanipeleka kwenye maswali ya historia na serikali. Masharti yaliondolewa na uraia ukakubaliwa kikao kile kile. Ile kadi ya miaka kumi, anayopewa mtu masharti yakishaondolewa, sikuwahi kuishika.

Kama bado hujatuma, weka nguvu kwenye kifurushi cha kwanza. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki za miezi mingi na siyo mmoja, bima, ritani za kodi, vyeti vya watoto kama wapo, na barua za kiapo kutoka kwa watu wawili wanaowajua nyote. Sisi tuliweka na picha, chache, zenye wazazi wa pande zote. Kifurushi chembamba huzaa barua ya kuomba ushahidi zaidi, na hiyo inakuongezea miezi juu ya miezi.

Kuhusu ule ukurasa wa USCIS wa muda wa kungoja: namba inayoonekana pale ni muda ambao asilimia 80 ya kesi zilikamilika. Kuna watu wanaoipita, na hauruhusiwi kuulizia kesi yako mpaka uwe umetoka nje ya muda wa kawaida. Mimi nilikuwa nautazama kila siku kabla ya kulala, nikaacha, na usingizi ukarudi. Ukihama, badilisha anwani yako kwao mara moja, ndani ya siku 10 kama sheria inavyotaka, kwa sababu kila kitu muhimu bado kinakuja kwa posta. Na barua ikipotea au ikikaribia kuisha bila majibu, piga simu kituo chao cha huduma uombe muhuri wa I-551 kama uthibitisho wa ukaazi wako. Usingoje mpaka wiki ya safari.