Kipima hewa cha mkononi baada ya miezi minane mjini Tabora

Nilinunua kifaa hiki mwezi Juni, wakati kiangazi kilipokwisha kukolea na barabara ya mtaa wetu huku Ng'ambo imegeuka unga. Shangazi yangu, anayeishi nasi na ana pumu, alikuwa amebanwa kifua mara mbili katika wiki moja, na nyumba nzima tuliamini kwamba mbaya wetu ni vumbi linalotimuliwa na pikipiki na malori. Nilitaka kulipima vumbi hilo. Bei, pamoja na gharama ya kukisafirisha kutoka Dar es Salaam, ilikaribia ile ya mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko lake la plati mbili.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwanga wa leza. Chembe zikipita, mwanga hutawanyika, na kutokana na mtawanyiko huo hukadiriwa wingi wake kwa maikrogramu katika mita moja ya ujazo. Namba kubwa kwenye kioo ni ya PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele kwa takriban mara thelathini, ambazo hazizuiliwi na pua wala koo bali hufika ndani kabisa ya mapafu.

Kasoro ya kwanza niliiona siku ileile. Kioo hubaki na rangi ya kijani mpaka namba ifike 35, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri wastani wa saa 24 usizidi 15, na wa mwaka mzima usizidi 5. Mtu anayetazama rangi peke yake ataambiwa hewa ni njema wakati imekwisha kuvuka kiwango zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo nimewafundisha watoto kusoma namba na kuiacha rangi.

Nilikiweka barazani, mita chache kutoka barabarani, nikisubiri namba ipande kila lori linapopita. Ilipanda kidogo tu, hata pale nilipoliona vumbi likitua juu ya kioo chenyewe. Nilidhani nimeuziwa kifaa kibovu. Baadaye nilielewa kwamba vumbi la barabarani kwa sehemu kubwa ni chembe nene, na vipima hewa vya bei nafuu vya aina hii haviziripoti vizuri. Namba ya PM10 inayoonyeshwa pembeni, ambayo ingepaswa kuzihesabu, mara nyingi huwa chini ya hali halisi. Katika mji mkavu kama wetu, wenye miezi karibu sita isiyo na mvua ya maana, hilo si dosari ndogo, na muuzaji alipaswa kulisema.

Lakini moshi kinaukamata bila kukosea. Asubuhi moja jirani alifagia majani ya mwembe, akayachanganya na vifungashio vya plastiki, akawasha. Kabla sijasikia harufu, namba ilikuwa imeingia tarakimu tatu, na ilichukua karibu saa nzima kushuka. Jioni yake nilikipeleka jikoni wakati jiko la mkaa linawashwa kwa vijiti na kipande cha nailoni, kama tulivyozoea miaka yote. Kilichoonekana hapo kilizidi cha asubuhi, na chumba cha shangazi kinatazamana na mlango wa jiko hilo. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwanangu, hicho kidude kinasemaje?" akauliza. Nilimwonyesha, naye akaenda kufunga dirisha lake bila kuongeza neno. Tulikuwa tumeilaumu barabara kwa miaka, na moshi tunauwasha wenyewe kila siku saa kumi na mbili jioni.

Hapa nina onyo kwa kila atakayekinunua. Mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, moshi hupungua na namba hushuka, pengine mpaka kijani. Kifaa hiki hakipimi monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo jiko la mkaa huendelea kuitoa hata moshi usipoonekana tena, na ambayo katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Maelezo yaliyomo kwenye boksi hayataji jambo hili hata kwa sentensi moja. Naliona ni kosa kubwa, kwa sababu usiku wa baridi ya Julai wapo wanaoingiza jiko chumbani, na kijani hicho kinaweza kuwapa ujasiri wa kufunga mlango.

Mengine ni madogo. Chaji hudumu saa tano hivi, kwa hiyo umeme ukikatika usiku hupati kipimo mpaka alfajiri. Mvua zilipoanza Novemba, asubuhi zenye ukungu zilikuwa zinapandisha namba bila moshi wowote, kwa kuwa matone ya maji nayo hutawanya mwanga. Feni huziba vumbi. Naisafisha kwa brashi laini kila baada ya wiki mbili, na nilipochelewa mwezi Septemba vipimo vilianza kuyumba.

Kwa anayetaka kulinganisha chumba na chumba, au kabla na baada ya kubadilisha namna ya kupika, nakipendekeza. Kwa anayetaka ushahidi wa vumbi la barabara au la machimbo ya kokoto, hakitamfaa. Mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue mtungi wa gesi na jiko lake. Sisi tulikuja kuununua Oktoba, na jiko la mkaa tumelihamishia nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kwa ajili ya kuchemshia maharage.