TG 501 ya zamani au GPS: kipi kirekebishe muda wa osiloskopu?

Kwa karakana ya Mwanza, bei si swali la kwanza. Swali ni safu gani za muda za osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) unarekebisha.

Tektronix TG 501, kifaa cha kutoa alama za muda, hutoa alama kutoka sekunde 5 hadi nanosekunde 1, kwa hatua za 1-2-5 zilezile za swichi ya osiloskopu. Weka milisekunde 1 kwenye TG 501 na kwenye osiloskopu, linganisha alama kwenye mstari wa pili na wa kumi wa skrini. Kwa osiloskopu yenye usahihi wa asilimia 3, alama ya mwisho isipotoke zaidi ya miraba 0.24 kati ya miraba 8. Tumia kizuizi cha oomu 50 mwishoni mwa waya, la sivyo alama fupi zitavurugika. Lakini TG 501 haisimami peke yake: inahitaji fremu ya TM 500, sanduku linaloipa umeme, na fremu iliyotoka Marekani huenda imefungwa kwa volti 115, ukiichomeka kwenye 230 imekwisha. Unyevu wa ziwani nao hula migusano ya swichi, na kapasita kuukuu hukauka.

Kipokezi cha GPS chenye kutoa wimbi la megahezi 10 hakihitaji kupelekwa kusahihishwa. Kasoro yake ni kwamba wimbi hilo linakupa nanosekunde 100 tu. Safu za polepole zadai chipu ya 74HC14 ya kunyoosha wimbi na chipu mbili za 74HC390 za kuligawanya, zifike milisekunde 1. Antena iwe juu ya bati, si chini yake. Umeme ukikatika, subiri upya kitulie.

Unatengeneza osiloskopu kila wiki? TG 501 itakuokolea saa nyingi. Una osiloskopu moja tu? GPS yatosha, na itakuwa pia rejea ya kupimia fikwensi za redio.