Nyota nne kwa kliniki inayopiga picha neva ya jicho

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Kumwona daktari bingwa wa macho 30,000, picha ya neva 40,000, kipimo cha kuona pembeni 50,000. Bima yangu ililipa ya daktari tu, mengine nikatoa mfukoni. Kwa fundi cherehani wa Kariakoo si pesa ya kuchezea. Bado nasema nendeni, hasa wenzangu wenye glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho taratibu) mliozoea kupimwa presha ya macho, kuambiwa "uko vizuri mama, tuonane baada ya miezi sita", basi.

Siku hiyo presha yangu ilisoma 15 jicho la kulia na 16 la kushoto. Kawaida inahesabiwa kati ya 10 na 21, kwa hiyo kwingine ningeandikiwa matone yaleyale nikarudi kazini. Hapa walinitia dawa ya kupanua mboni, wakaniketisha mbele ya kamera, kidevu kwenye kibao, paji la uso kwenye mkanda, taa ikamulika mara moja kila jicho. Daktari akafungua picha mpya na ya mwaka uliopita, akaziweka sambamba, halafu akageuza skrini nami nione. Hilo tu linatosha kuwapa nyota tatu.

Kichwa cha neva, pale inapoungana na jicho, ni kiduara cha rangi ya chungwa iliyopauka, mishipa ya damu inatokea katikati na kutawanyika. Kwenye ukingo wa chini wa jicho la kushoto, upande wa sikio, palikuwa na kimstari chekundu, chembamba kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Mwaka uliopita hakikuwepo. Kumbe ni damu iliyovuja kwenye neva. Sikuwa nimesikia maumivu, jicho halikuwa jekundu, sikuona ukungu wala vidoa. Akasema inafutika yenyewe ndani ya wiki kadhaa au miezi michache, kwa hiyo ukipimwa haipo, huwezi kujua kama iliwahi kupita.

Nikamuuliza, "Daktari, ndiyo napofuka?" Akacheka kidogo, akasema hapana mama, damu hiyo siyo inayopofusha. Inachosema ni kwamba neva bado inaumia hapo, na kwamba presha ya 16, hata kama kwa mwingine ni nzuri, kwangu mimi bado iko juu. Akaniuliza kuhusu sukari na dawa za kuyeyusha damu, maana jicho linaweza kuvuja kwa sababu nyingine. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza: neva ikiumia chini, unapoteza kuona juu. Na kweli, kipimo kilipotoka, jicho la kushoto lina kiraka cheusi sehemu ya juu, upande wa pua. Sikukijua kwa sababu jicho la kulia linanifidia. Sindano napitisha uzi vizuri na miwani yangu ya kusomea, dukani hawaamini kabisa kwamba nina ugonjwa. Glakoma haianzii katikati.

Mwanangu alinitafutia utafiti mmoja wa Marekani wa watu wenye presha ya macho ya juu, majibu yalichapishwa 2006. Damu ya namna hii ilionekana kwenye macho 128, na kati ya hayo 107 ilionekana kwenye picha tu. Madaktari walipochungulia kwa vifaa vyao iliwapita. Wengi wa watu hao hawakuwa wamepata glakoma utafiti ulipokwisha, kwa hiyo tusitishane. Lakini mimi tayari ninayo, na nani tena atanishawishi kwamba kupima presha peke yake kunatosha?

Sasa nyota waliyoikosa. Chumba cha kipimo cha kuona pembeni kina joto la tanuri, kiyoyozi kimekufa. Kijana anayeendesha mashine ana adabu, shikamoo yake haikosi, ila maelezo yake ni "bonyeza ukiona taa". Hakusema kwamba mashine inakupunguzia taa makusudi mpaka usizione. Nikakaa humo nikitokwa jasho, nikiamini kila taa ninayoikosa ni jicho limekufa. Na mapokezi wanaita wagonjwa kwa namba kwenye skrini ndogo ukutani! Watu wote tumepanuliwa mboni, nani anaisoma? Tulikuwa tunamtegemea mzee mmoja aliyemsindikiza mkewe atusomee.

Famasi yao iko vizuri. Latanoprost (matone ya kushusha presha ya macho) ambayo haijafunguliwa inatoka kwenye friji, wanakupa na barafu ya njiani. Ukishaifungua inaweza kukaa nje lakini isizidi nyuzi 25, na kwa Dar hiyo ni ndoto, yangu inakaa mlangoni mwa friji. Wiki nne zikiisha unaitupa hata kama imebaki. Daktari ameniongezea timolol, matone mengine ya presha ya macho, ya asubuhi, na kabla ya kuandika aliniuliza kama nina pumu. Swali hilo mahali pengine sikuulizwa. Nesi akanionyesha kubana kona ya jicho karibu na pua baada ya kudondosha, dawa isishuke kooni.

Kilichopotea hakirudi, daktari hakuzunguka. Shangazi yangu alipofuka akiambiwa na majirani asubiri mtoto wa jicho akomae, kumbe ilikuwa glakoma hii. Kwa hiyo aliposema ndugu zangu wa tumbo moja na watoto waliovuka 40 waje kupimwa, sikubisha.

Jumamosi wanafunga saa saba mchana. Fika mapema, vaa miwani ya jua, njoo na mtu wa kukuvusha barabara ukitoka, na uombe nakala ya picha zako kwenye flashi. Wanatoa bure, ila usipoomba hawakuambii.