Ruta imenipa raha, dada wa kaunta amenipa presha

Nianze na yule dada wa kaunta, maana ndiye anayeninyima usingizi, si ruta.

Nyumbani tuna simu tano, kila mtu na kibando chake cha siku. Nikaona ujinga. Nikanunua ruta, kile kidude cha kuweka laini kikarusha waifai nyumba nzima, nikaunga bando moja la mwezi, tule chungu kimoja. Kule koridoni, kuta za tofali za kuchoma, ilikuwa inasuasua. Nikaihamishia dirishani upande wa mnara, jamani! Mke wangu anaongea na mama yake Kasulu kwa video, picha haigandi. Hapa kwetu Kigoma, Katubuka nzima nilipita nikiisifia.

Mwezi uliofuata, GB 40 zikakata siku ya sita. Nikaunga tena, zikakata tena. Nikaitia ruta mfukoni, bajaji mpaka mjini, duka la kampuni ya simu. Foleni, jua, na nilipofika mbele dada hakuinua hata uso. Nikaeleza kwa adabu zote nilizofunzwa. Akajibu huku akikagua kucha: "Mzee, GB hazijili. Kuna anayezila kwako."

Mzee! Nina miaka 38. Foleni ikacheka. Nikamwambia kwangu hakuna mwizi. "Sijasema mwizi, nimesema mlaji. Anayefuata!"

Kama huduma ndiyo hiyo, heri turudie kutuma barua kwa treni.

Usiku nikaingia anwani ya 192.168.8.1, kwenye ukurasa wa ruta yenyewe. Vifaa tisa vimeunganishwa! Sisi simu tano na tivi. Hivyo vitatu vya nani? Kitinda mimba wangu akaangalia chini. Alikuwa amewapigia picha rafiki zake ile nywila iliyobandikwa chini ya ruta. Na mimi nilikuwa nawasifu vijana wale, kila jioni kibarazani kwangu, "shikamoo baba", kumbe wamefuata waifai.

Ila hata wao walidokoa tu. Mlaji mkubwa alikuwa simu yangu mimi. Simu ikiona waifai inadhani ni ya bure, haijui nyuma yake kuna bando la laini. Video za harusi ya shemeji Uvinza zilikuwa zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku kucha nikikoroma, programu zinajisasisha, WhatsApp inashusha kila kichekesho cha kundi la ukoo. Nimeingia kwenye mipangilio nikaiambia simu kwamba waifai hii ina kikomo, nikazima kujipakua kwa video, nikabadili nywila. Sasa bando linavuka mwezi.

Kwa hiyo nunueni. Au ngojeni kwanza: yangu haina betri, umeme ukikatika nayo inalala, tunarudi kwenye vibando kama zamani. Basi nunueni, ila yenye betri.

Juzi nilipita pale dukani nikitaka kumwambia dada alikuwa sahihi. Nikamwona kupitia kioo, anacheka na simu yake. Nikageuza. Ya "mzee" hajaniomba radhi.