Kozi ya grafiki ya Mombasa na Ahmedabad: nani ailipie

Nimemaliza kozi fupi ya usanifu wa grafiki, ile inayompa kila mwanafunzi wa Mombasa mwenzake wa Ahmedabad, India. Kazi yenyewe ni moja: mchore leso pamoja. Mnaoniuliza kama inafaa kulipiwa, inafaa, na sana kwa yale masomo ya mwanzo, kabla hatujafungua programu yoyote.

Mwalimu alianza na lota, kile chombo cha maji cha Kihindi. Charles na Ray Eames, mtu na mkewe wasanifu wa Marekani, walikisifu katika ripoti waliyoiandikia serikali ya India mwaka 1958, iliyofungulia njia chuo cha taifa cha usanifu, NID (National Institute of Design), Ahmedabad, mwaka 1961. Walikisifu kwa kukihoji: kitabebwa kichwani, kiunoni au mkononi? Kitakaaje kikijaa, na kikiwa kitupu? Nasi tukaambiwa tuihoji leso vivyo hivyo.

Mama yangu ameuza leso Biashara Street tangu sijazaliwa, lakini hakuna aliyewahi kunibana kwa maswali kama mwenzangu, dada yule wa Ahmedabad. Rasimu yake ya kwanza iliweka maandishi makubwa katikati ya mji, yaani ile sehemu ya kati ya leso. Nikajifunga leso mbele ya kamera, aone jinsi mji unavyomezwa na mikunjo huku jina, yaani ule msemo wa leso, likikaa nyuma, juu ya pindo la ukingoni, mahali ambapo watu husoma. Papo hapo akauliza: na mtu akijitanda kichwani je? Swali hilo lilitugharimu jioni nzima, na ndilo lililotupa mchoro wetu.

Kisha likaja lile umbo la tone lenye ncha iliyopinda, linaloonekana sana kwenye leso. Mimi tangu utotoni naliona korosho. Yeye kwao ni embe bichi. Hatukuchagua. Pindo letu linaanzia pembe moja na embe lenye jani, umbo linageuka taratibu, na pembe ya pili ni korosho inayoning'inia chini ya bibo lake. Naipenda kazi ile kuliko chochote nilichochora peke yangu.

Upungufu upo, na unaniuma kwa sababu kozi yenyewe ni nzuri. Uchapaji wa kitambaa haukuguswa. Katika uchapaji wa fremu, ambapo rangi hupitishwa kwenye wavu uliowambwa, kila rangi hutaka fremu yake, na kila fremu ni gharama, lakini michoro ya rangi lukuki ilipita na kusifiwa bila mtu kuuliza itachapwaje. Vikao vya kukosoa kazi navyo vilikuwa Kiingereza cha mbio, na wenye mawazo mazuri lakini ulimi mzito walibaki kimya. Mkalimani mmoja tu angetosha.

Anayetaka kuandaa faili ya kiwandani aanze na fundi wa matbaa. Hapa hatapata hilo. Mwalimu wa sanaa wa sekondari, wewe jiandikishe, na zoezi la lota lipeleke darasani kwako hata kabla hujamaliza kozi.